Maumivu Wakati wa Tendo la Ndoa: Yanatoka Wapi, na Lini Uende Hospitali

Mwanamke akimwambia daktari "huwa naumia wakati wa tendo", mara nyingi hutoka na dawa ya fangasi mkononi. Wakati mwingine kweli ni fangasi. Lakini neno "naumia" peke yake halimwonyeshi daktari pa kuanzia, kwa sababu maumivu haya yana vyanzo vingi: ngozi ya nje, misuli ya nyonga, mlango wa kizazi, mirija, ovari, kibofu, hata utumbo. Anayeweza kuonyesha pa kuanzia ni wewe unayeumia, ukijua kueleza mambo matatu: yanauma wapi, yanaanza lini, na yanauma vipi. Mwongozo huu unafuata mambo hayo matatu.

Kwanza, dalili ambazo hazisubiri

Kama una mojawapo ya hizi, nenda hospitali leo hii, mengine utasoma baadaye.

Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, hasa kama hedhi imechelewa, unahisi kizunguzungu au unaumwa kwenye ncha ya bega. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo ikipasua mrija damu humwagikia tumboni bila kuonekana nje. Maumivu makali ya upande mmoja yanayokuja na kutapika yanaweza kuwa ovari iliyojisokota, na hapo saa chache tu zina uzito. Homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini na uchafu ukeni ni dalili ya maambukizi yaliyopanda juu. Damu inayojaza pedi nzima ndani ya saa moja, kutokwa damu ukiwa mjamzito, na kushindwa kabisa kukojoa pia havisubiri kesho.

Na kama maumivu yametokana na kulazimishwa, hata kama aliyekulazimisha ni mwenzi wako, wahi kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku 5, navyo pia hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Una haki ya kutibiwa kabla hujaamua lolote kuhusu kushtaki au kutoshtaki.

Hatua ya 1: Acha kuvumilia

Wanawake wengi wamefundishwa kwamba maumivu ni sehemu ya tendo na kwamba yataisha "ukishazoea". Ushauri huu umewaumiza watu wengi. Kinachotokea hasa ni kinyume chake. Ukiumia leo, mwili unakumbuka. Mara ijayo, kabla hata hujaguswa, misuli ya sakafu ya nyonga inajikaza kujilinda, jinsi jicho linavyofumba likiona kidole kinakuja. Misuli iliyokaza inafanya njia iwe finyu, ute hautoki vizuri kwa sababu hofu imeshika nafasi ya hamu, na maumivu yanaongezeka. Chanzo cha mwanzo kinaweza kuwa kidonda kidogo kilichopona miezi sita iliyopita, lakini mzunguko huo ukabaki ukijiendesha wenyewe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kusimamisha kinachouma. Si lazima kusimamisha mapenzi yote. Simamisha kuingiliwa, mpaka ujue kinachoendelea.

Hatua ya 2: Chora ramani ya maumivu yako

Tafuta nusu saa ya faragha, kioo kidogo cha mkononi na mwanga wa kutosha. Nawa mikono. Kaa ukiegemea ukuta, magoti yamekunjwa, kioo kiwe mbele yako. Wengi hawajawahi kujitazama, na aibu ikija mara ya kwanza isikusumbue. Tazama mashavu ya nje na ya ndani, kinembe, tundu la mkojo, mlango wa uke, na ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Tafuta wekundu, mchubuko, malengelenge, kovu, uvimbe, au ngozi iliyobadilika kuwa nyeupe na nyembamba.

Sasa uchukulie mlango wa uke kuwa uso wa saa ya ukutani: kinembe kiko juu, kwenye namba 12, na njia ya haja kubwa iko chini, kwenye namba 6. Chukua kijiti chenye pamba, kile cha kusafishia masikio, kikiwa kipya na kimeloweshwa maji. Gusa polepole kuzunguka mlango, namba baada ya namba. Kuna watu ambao huumia tu kati ya nne na nane, sehemu ya chini ya mlango, na kwingine kote hawasikii kitu. Wengine huumia pale pale palipo kovu la kushonwa walipojifungua. Madaktari hufanya uchunguzi huu huu kwa pamba hiyo hiyo, na ukienda ukiwa tayari unajua kwamba "ni kwenye tano na saba", umeshamwokolea kazi.

Kisha jiulize lini. Ni mwanzoni kabisa, anapoingia? Ni akishaingia ndani sana, na katika mikao fulani tu? Ni baada ya kumaliza, na huendelea kwa muda gani? Yamekuwepo tangu mara ya kwanza maishani, au yalianza baada ya tukio fulani, mfano kujifungua, operesheni, dawa mpya, mwenzi mpya? Huzidi siku zipi za mzunguko wa hedhi?

Swali la vipi ndilo ninalolipenda zaidi, maana Kiswahili kimetupa maneno mazuri kwa kazi hii na tunayaacha bure, tunabaki na "inauma". Maumivu *yanayochonyota*, hasa mkojo ukipita, huelekea kuwa ya mchubuko, mpasuko mdogo wa ngozi au vidonda vya malengelenge. *Yanayokwaruza* hunong'ona ukavu. *Yanayowasha* kwanza halafu ndipo yaume, fikiria fangasi au ugonjwa wa ngozi. *Yanayochoma kama moto* ukiguswa tu, ilhali ngozi inaonekana salama, huelekeza kwenye mishipa ya fahamu ya mlangoni. *Yanayobana*, kama vile mtu amegonga ukuta, ni misuli. *Yanayopwita* na uvimbe upande mmoja wa mlango ni usaha uliokusanyika. *Yanayovuta* au *kusokota* kwa ndani, kama ya hedhi, yanatoka kwenye kizazi na majirani zake. Haya si majibu ya mwisho, kwa kuwa sababu mbili zinaweza kukaa pamoja, ila ni pa kuanzia.

Andika. Mistari miwili inatosha, mfano: "Jumanne, siku ya 24 ya mzunguko. Ndani upande wa kushoto, yanavuta, 7 kati ya 10, yaliendelea mpaka asubuhi. Choo kilikuwa kigumu siku tatu." Ukiwa na kumbukumbu za mwezi mmoja au miwili za namna hii, daktari ataona mtindo ambao wewe mwenyewe hukuuona.

Hatua ya 3: Kama maumivu yako mlangoni

Anza na lililo la kawaida kuliko yote, ukavu. Uke hutoa ute unapopata damu ya kutosha wakati wa kusisimka, na jambo hilo huchukua muda. Pia uke hurefuka na mlango wa kizazi husogea juu. Kuingia kabla ya hapo ni kukwaruzana. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba ukavu maana yake ni kutompenda mwenzi. Mama anayenyonyesha huwa na estrojeni, homoni ya kike, ya kiwango cha chini, hivyo ukavu ni jambo la kimwili tu na huisha kadiri kunyonyesha kunavyopungua. Aliyekoma hedhi, aliyetolewa ovari, anayetumia dawa za saratani, baadhi ya dawa za sonona, dawa za mzio na mafua, au aina fulani za uzazi wa mpango, wote wanaweza kukauka huku hamu ikiwa nzima. Baada ya kukoma hedhi ngozi ya uke pia hupungua unene na hupasuka kirahisi, na tofauti na ukavu wa kunyonyesha, hali hii haiishi yenyewe bila matibabu.

Maambukizi nayo yana tabia zake. Fangasi huleta muwasho mkali na ute mzito mweupe ulioganda, kwa kawaida bila harufu mbaya. Trikomonasi mara nyingi huleta ute wa njano au kijani wenye harufu. Malengelenge ya hepesi huanza kama vipele vyenye maji, kisha huwa vidonda vinavyouma sana. Ute wa kijivujivu wenye harufu ya samaki ni dalili ya bakteria wa uke waliopoteza uwiano, hali ambayo yenyewe kwa kawaida haiumi sana, hivyo ukiwa nayo na unaumia vikali, usiridhike na hilo jibu moja. Na kama umetumia dawa ya fangasi mara mbili, tatu, na hali haijabadilika, acha kununua ya nne. Nenda ukapimwe ute wenyewe.

Uvimbe wa mviringo chini ya mlango, upande mmoja, mara nyingi ni tezi ya Bartholin iliyoziba. Usiikamue. Ikipata usaha daktari huipasua na kuiwekea njia ya kutiririsha.

Makovu ni habari nyingine. Mshono wa kujifungua unaweza kupona ukiwa umevuta ngozi, au ukaacha kinyama kidogo kinachouma kila kikiguswa. Wanawake waliokeketwa, na duniani kote wako zaidi ya milioni 230, wanaweza kuwa na makovu magumu, uvimbe wa mishipa ya fahamu ndani ya kovu, au mlango uliofungwa kwa kushonwa. Mlango uliofungwa hufunguliwa kwa operesheni ndogo hospitalini, na mtu haitakiwi kamwe auache ufunguliwe kwa nguvu kitandani.

Ngozi nyeupe, nyembamba kama karatasi, inayowasha zaidi usiku na kupasuka, ni ugonjwa wa ngozi unaoitwa laikeni sklerosasi. Hutibiwa kwa marhamu kali ya steroidi anayoandika daktari, na unahitaji kufuatiliwa kwa sababu kwa wachache hugeuka saratani.

Sasa nikae kidogo kwenye hali mbili ambazo wengi huambiwa "huna kitu".

Ya kwanza ni pale misuli inapojifunga yenyewe bila mtu kukusudia, hali inayoitwa vajinismasi. Kidole hakiingii, kifaa cha daktari hakiingii, na mwanamke anaweza kuwa na hamu kamili lakini mwili ukakataa. Anaweza kuwa ameolewa miaka na tendo halijawahi kukamilika, na kwa aibu hajamwambia mtu. Si ukaidi, na si kwamba uke wake "ni mdogo". Ni misuli ile ile inayozuia mkojo na haja kubwa, imekaza na haijui kuachia. Ndiyo maana mazoezi ya kubana uke yanayosifiwa kila mahali yanaweza kumzidishia, kwani anachohitaji ni kujifunza kulegeza.

Ya pili ni maumivu ya mlango wa uke yanayodumu angalau miezi mitatu bila maambukizi wala kidonda kuonekana. Mishipa ya fahamu ya eneo hilo imekuwa na hisia kali mno, kiasi kwamba hata kukaa kwenye baiskeli au suruali ya kubana huchoma. Vipimo vyote vinaweza kurudi safi, na bado maumivu yakawa ya kweli kabisa na yenye matibabu.

Mwisho, kama unachomwa au kuvimba kila mkitumia kondomu na huumii bila hiyo, huenda una mzio wa mpira wa lateksi au dawa ya kuua mbegu iliyopakwa. Zipo kondomu zisizo za lateksi. Usiache kinga, badilisha aina.

Hatua ya 4: Kama maumivu yako ndani

Maumivu ya ndani yanayokuja anapoingia kwa kina, na kupungua mkibadili mkao, huenda ni mlango wa kizazi kugongwa tu. Kiasi cha mwanamke mmoja kati ya watano ana kizazi kilichoelekea nyuma, na kwake mikao fulani haifai. Huo si ugonjwa. Ila ukisikia maumivu hayo katika kila mkao, au yakiendelea masaa baadaye, usijifariji na hilo.

Endometriosisi ndiyo ningependa ijulikane zaidi. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata kama asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, karibu milioni 190. Picha yake huwa hivi: hedhi inayouma mpaka mtu anashindwa kazi au shule, maumivu ya ndani wakati wa tendo, maumivu ya haja kubwa hasa siku za hedhi, pengine na kuchelewa kupata mimba. Wengi hukaa miaka kadhaa kabla ya kupewa jina la ugonjwa wao, na sababu moja ni altrasaundi. Altrasaundi ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa na ugonjwa ukawepo. Ukiambiwa "picha haina shida" na dalili ni hizo, uliza waziwazi: "Je, inaweza kuwa endometriosisi hata kama picha ni nzuri?"

Maambukizi kwenye via vya uzazi, yale wengi wanayaita PID, mara nyingi huanza na magonjwa ya ngono, klamidia au kisonono, yaliyopanda juu bila kelele. Tumbo la chini linauma, tendo linauma kwa ndani, ute umebadilika, pengine damu katikati ya mwezi. Haya hayataki subira, kwa sababu kila siku inayopita mirija inaweza kupata makovu, na mrija wenye kovu huleta ugumba au mimba ya nje ya kizazi. Tiba ni antibaiotiki, kwa kawaida kwa siku 14, zimalizwe zote hata kama nafuu imekuja siku ya nne. Usipoona nafuu ndani ya siku tatu, rudi. Na wenzi wa siku 60 zilizopita watibiwe pia, hata kama hawana dalili. Kumtibu mwanamke peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Vyanzo vingine vya maumivu ya ndani ni uvimbe kwenye kizazi, uvimbe wa maji kwenye ovari, makovu ya ndani baada ya operesheni, kibofu kinachouma kikijaa, na kufunga choo. Hili la choo watu hulicheka, lakini utumbo mpana unapita nyuma kabisa ya kizazi, na ukijaa, nafasi haipo.

Damu baada ya tendo nimeiweka peke yake. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama mchubuko, maambukizi au kinyama kwenye mlango wa kizazi. Lakini pia ni moja ya dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Ikitokea zaidi ya mara moja, au ikitokea hata mara moja baada ya kukoma hedhi, nenda ndani ya siku chache ukaangaliwe mlango wa kizazi kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU. Hicho ni cha wasio na dalili. Mwenye damu hangoji umri.

Hatua ya 5: Unachoweza kufanya nyumbani

Haya yanafaa kwa maumivu madogo ya mlangoni yasiyo na homa, damu, vidonda wala uvimbe.

Osha nje tu, kwa maji. Uke wenyewe una tindikali, pH ya takriban 3.8 hadi 4.5 kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, na ndiyo askari wake. Sabuni za ndani, marashi, mvuke, na unga au vidonge vya kukaza au kukausha uke vinamfukuza huyo askari, kisha vinachubua ngozi. Uke mkavu si sifa. Ni ngozi isiyo na kinga, inayopasuka na kupitisha maambukizi.

Tumia kilainishi. Cha maji kinafaa kwa karibu kila mtu na kwa kondomu zote. Cha silikoni hudumu zaidi na hakiharibu kondomu. Mafuta ya aina yoyote, ya kupikia, ya mtoto au ya mgando, hudhoofisha kondomu ya lateksi mpaka ikapasuka. Mate hukauka haraka. Chagua kilainishi kisicho na harufu, ladha wala "kupasha moto", kisha paka cha kutosha pande zote mbili na ongeza katikati bila kuona haya. Kwa ukavu wa kila siku kuna pia krimu za unyevu wa uke, ambazo hutumiwa mara kadhaa kwa wiki na si wakati wa tendo tu.

Usipake dawa ya ganzi kwa mpango wako ili mradi uvumilie. Ganzi inaficha mpasuko unaoendelea kupasuka. Daktari akikuandikia kwa ajili ya maumivu ya mishipa, hiyo ni habari tofauti.

Kwa misuli iliyokaza, jaribu hivi kila siku dakika kumi. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo liinuke, na wakati linainuka, achia kule chini kama unavyoachia mkojo unapoanza kutoka. Usisukume, achia tu. Ukitoa pumzi, usikaze tena. Baada ya wiki moja au zaidi, ukiona mwili umeelewa, weka ncha ya kidole chenye kilainishi mlangoni wakati wa kuvuta pumzi, ibaki hapo bila kwenda popote. Ikiuma, rudi nyuma hatua moja. Hakuna mashindano.

Ukishafanya haya kwa wiki tatu au nne na hakuna kilichobadilika, nenda hospitali. Maumivu ya ndani hayahitaji hata kusubiri huko.

Hatua ya 6: Mwambie mwenzi, lakini si kitandani

Kitandani kila neno linasikika kama kukataliwa. Chagua wakati mwingine, mmekaa au mnatembea, na sema jambo moja kwa wakati: "Kuna kitu nataka ujue. Tukikutana naumia, hapa mwanzoni, kama moto. Si kwamba sikutaki. Nataka nikaangaliwe, na mpaka hapo tusiingiliane." Wengi hushtuka kujua kwamba mwenzao alikuwa akiuma meno kimya. Ukiona jibu ni hasira au kulazimisha, hilo sasa ni tatizo la pili, nalo linastahili kuambiwa mhudumu wa afya.

Baada ya kujifungua swali huwa "wiki ngapi?" Wengi hutajiwa sita, muda ambao kwa kawaida ndipo mama hukaguliwa. Lakini kalenda haiponyeshi mshono. Damu iwe imekata, jeraha lisiume likiguswa kwa kidole, na wewe mwenyewe uwe tayari. Kama miezi mitatu imepita na bado unaumia, usisubiri mtoto aache kunyonya ndipo uulize.

Hatua ya 7: Siku ya hospitali

Nenda na daftari lako. Usijisafishe ndani siku hiyo wala ya kuamkia, kwa sababu utaosha kinachotafutwa. Kama hali inaruhusu, chagua siku isiyo ya hedhi, ila kwa dalili za dharura hedhi isikuzuie. Orodhesha dawa zote unazotumia.

Ukikaa mbele ya daktari, anza na sentensi iliyokamilika: "Naumia wakati wa kuingiliwa. Ni mlangoni, sehemu ya chini, yanachoma kama moto, tangu nilipojifungua miezi minane iliyopita. Nimetumia dawa ya fangasi mara mbili, haikusaidia." Ukishindwa kutamka, mkabidhi karatasi asome. Nayo ni njia halali.

Atauliza hedhi, mimba, wenzi, kukojoa, choo, na pengine kama umewahi kudhurika kingono. Swali hilo la mwisho si udaku. Linamsaidia akuchunguze kwa uangalifu, nawe una hiari ya kulijibu leo au siku nyingine. Kisha vipimo vya kawaida ni mkojo, ujauzito, ute wa uke, magonjwa ya ngono na altrasaundi. Kwa wengine huja uchunguzi wa uke kwa kifaa cha kupanulia.

Kwenye uchunguzi huo una sauti. Omba muuguzi wa kike au ndugu awepo. Omba kifaa kidogo kuliko vyote, na kilainishi. Unaweza kuomba ukiingize mwenyewe kwa mkono wako. Kubaliana naye kabla: "Nikisema simama, naomba usimame." Daktari mzuri ataanza nje kwa pamba, atagusa misuli kwa kidole kimoja, ndipo aende ndani, na kama umekaza ataahirisha. Uchunguzi uliofanywa kwa nguvu huongeza ugonjwa wenyewe.

Hatua ya 8: Matibabu, na kurudi

Usitegemee kidonge kimoja. Ukavu wa kukoma hedhi hujibu vizuri kwa estrojeni ya kiwango kidogo inayowekwa ukeni, na huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mwambie daktari kama umewahi kuwa na saratani ya matiti. Misuli iliyokaza hutibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga na vipanuzi laini vya ukubwa unaoongezeka, ambavyo mwanamke huviendesha mwenyewe kwa kasi yake, mara nyingi pamoja na ushauri nasaha. Mishipa yenye hisia kali hutulizwa kwa dawa za kupaka au vidonge ambavyo asili yake ni dawa za sonona au kifafa, vinavyotolewa kwa kiwango kidogo kutuliza mishipa. Ukipewa hivyo usidhani umeonwa mwendawazimu. Matibabu ya endometriosisi huanza kwa dawa za maumivu na za homoni, na operesheni kwa wanaoihitaji.

Kabla ya kutoka chumbani uliza maswali matatu: unadhani ni nini, nitaanza kuona nafuu baada ya muda gani, na isipokuja nirudi lini? Andika tarehe hiyo mle mle kwenye daftari. Ukirudi na jibu likawa tena "huna kitu, pumzika tu", omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, na umwonyeshe ukurasa ule ulioandika "ni kwenye tano na saba".